Sajini Aliyetusema

Kabla hujamwona, ulikuwa umeshamsikia. Ukipangiwa kazi kituo chetu cha Njombe, enzi zile za Mwingereza, wiki ya kwanza tu wenzako wa laini, kwenye nyumba za askari, wanakuonya: ukipita Makambako kaza mkanda, vuta tumbo ndani, na usiburute miguu, maana Sajini yupo kibarazani. Ukiuliza Sajini yupi, wanakucheka. Masajini walikuwa wengi, lakini wa kutajwa hivyo bila jina alikuwa mmoja, na wala hakuwa tena polisi. Alistaafu kabla sisi hatujavaa kaptula ya kaki.

Alizaliwa wapi sijui, na sikuuliza. Wako waliosema Mhehe, wako waliosema Mbena kama mimi. Yeye alimsalimu kila mtu "Kamwene", kama wasalimianavyo Wahehe na Wabena, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha gwaride, kifupi kifupi, hata alipokuwa anaagiza chai.

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha fundi cherehani, pale barabara ya Njombe inapokutana na ile kubwa ya Iringa na Mbeya. Malori yote yalisimama hapo, madereva wanywe chai na injini zipoe. Sajini alikuwa na kigoda chake, mgongo ukutani, macho barabarani. Askari akishuka kwenye lori, Sajini anamtazama kuanzia viatu hadi kofia, halafu anasema neno moja au mawili. Neno hilo utingo analidaka, analipakia pamoja na viazi na magunia ya mahindi, na kabla jua halijapinda linazungumzwa sokoni Njombe. Jioni kwenye gwaride utakuta nusu ya askari wanajizuia kucheka na nusu wamenuna. Gazeti la kutuandika hatukuwa nalo, tulikuwa naye yeye.

Alisema nini? Alisema askari wa siku hizi ni tumbo lililovishwa kofia. Alisema ukisikia askari anapiga filimbi kabla hajakimbia, ujue anamwita mwenzake ndiye akimbie. Siku moja konstebo mmoja alimpoteza mwizi wa mbuzi kwenye miti ya miwati, akarudi kituoni anahema, bila mwizi na bila mbuzi. Sajini aliposikia akauliza, "Yule mwizi alikuwa na mbuzi begani?" Akaambiwa ndiyo. "Na askari begani alikuwa na nini?" Akaambiwa hakuwa na kitu. Yule konstebo aliomba uhamisho mwezi uleule.

Sasa, mtu akisema hivyo utatarajia mwenyewe awe mkimbiaji. Kumbe wapi. Sikumwona akikimbia hata siku moja. Alitembea, tena sana, kila asubuhi kabla ya chai, kwenye ukungu na baridi ile ya Makambako inayouma masikio, mgongo wima, mikono ikienda kwa hesabu. Alisema kukimbia ni kazi ya mwizi na kazi ya askari ni kufika. Wiki inayofuata unamkuta anasema askari asiyeweza kukimbia arudishe filimbi ya Serikali. Tukaulizana, basi tumfuate yupi, Sajini wa Jumatatu au Sajini wa Jumamosi? Alipoulizwa, alijibu kwamba askari wa kweli anaweza yote mawili, kisha anachagua.

Na kula, usiseme. Yeye aliyesema matumbo ya wenzake alikula ugali wa watu wawili na maharage bakuli zima, na bado hakunenepa, jambo lililowaudhi askari kuliko maneno yake. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikunywa kombe moja tu, akifunika na kiganja asiongezwe, na askari mwenye sare akionekana karibu na klabu ya ulanzi alimsema mpaka mvua ya mwaka mwingine. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani kwa Walutheri. Wakati wa sala wengine waliinamisha vichwa, yeye alisimama mguu sawa. Mchungaji aliwahi kumwambia kwamba Mungu hakagui gwaride. Akajibu, "Hujui hilo, Mchungaji."

Laini tuligombana juu yake, na ugomvi ule haukuisha. Konstebo mmoja kijana, mwenye mbio kuliko sisi sote, ndiye aliyemchukia zaidi. "Nyani haoni kundule," alisema. "Yeye alimkamata nani? Atutajie mmoja." Wengine waliona mtu aliyekwisha kuvua sare hana haki ya kuwasema waliomo ndani yake, na kama ana ushauri, aje ofisini auseme kwa heshima. Wachache walikubaliana naye kimyakimya, kisha wakaonekana alfajiri wakizunguka uwanja wa gwaride, na ukiwauliza wanasema wanapasha miguu moto kwa ajili ya baridi.

Aliyemtetea hadharani alikuwa mmoja, tena ndiye aliyesemwa kuliko wote. Huyo ni Koplo wetu. Alikuwa mtu wa Mlangali, mnene, mpole, mwenye kifua kilicholia filimbi asubuhi za ukungu. Lile tumbo lililovishwa kofia lilikuwa lake, na kila mtu alijua. Yeye alicheka tu. "Anasema kweli," alituambia, "ila anaisema kwa sauti kubwa." Na Koplo, miaka yote niliyofanya kazi chini yake, hakuwahi kumkimbiza mtu. Alijua kila ukoo na kila ugomvi wa mpaka wa shamba. Alikuwa akituma ujumbe tu kwa mshukiwa: Koplo anakuulizia. Mshukiwa anakuja kwa miguu yake, pengine amebeba na kile alichoiba. Nilipomweleza Sajini habari hizo akasema, "Na siku atakapotokea mwizi asiyemjua Koplo?"

Mimi naye alinijua kwa goti. Nilikuwa nimetumwa kupeleka hati ya mahakama Lupingu, kule ziwani, na ule mteremko wa kushukia Nyasa anayeujua anaujua. Niliteleza kwenye mawe, goti la kushoto likapinda vibaya. Nilipeleka hati, nikarudi, sikumwambia mtu. Uvimbe ulikwisha, maumivu yakabaki ndani. Tambarare nilitembea vizuri na mlima nilipanda, ila kwenye kushuka goti liliweza kukaza ghafla, mguu ukagoma kabisa. Nikajifunza kushuka ngazi ubavuubavu, kana kwamba nazungumza na mtu wa pembeni. Hakuna aliyegundua kwa miezi.

Siku niliyoshuka kwenye lori Makambako, Sajini alisema, "Konstebo. Goti la kushoto."

"Halina kitu, afande."

"Sikukuuliza kama lina kitu. Nimelitaja."

Akarudi kwenye chai yake. Mimi nikatoka jasho na baridi yote ile. Mdomo huo haukuwahi kuficha jambo la askari, na jambo langu lilikuwa la kunifukuzisha kazi. Nieleweke vizuri hapa. Nilipojiunga na polisi nilimwachia kaka yangu sehemu yangu ya shamba, kwa kiburi, mbele ya wazee, nikisema jembe silishiki tena. Nilikuwa nimeoa karibuni na mke wangu ana mimba. Tulikaa chumba kimoja pale laini, cha Serikali. Ningevuliwa sare, sikuwa na pa kuulaza ubavu. Lakini wiki ikapita, mbili, mwezi, na hakuna utingo aliyeleta habari ya goti. Sikuelewa kwa nini, na sikuthubutu kuuliza.

Kisha likaja lile la Bwana Inspekta. Alikuwa mgeni, mtu si mbaya, amejifunza Kiswahili kwenye kijitabu anachokiweka mfukoni. Ikaja barua kutoka juu kwamba afya ya kila askari ichunguzwe na kuandikwa. Daktari alikuwa mbali, basi Inspekta akaamua kuifanya mwenyewe. Akatupanga mstari, akapita na daftari, mtu mmoja mmoja.

"Hujambo?"

"Sijambo, bwana."

Anaandika. Anamfikia wa pili. "Hujambo?" "Sijambo, bwana." Anaandika. Koplo kifua kinalia kama birika, naye sijambo. Mimi na goti langu, sijambo. Mmoja wetu jino lilikuwa limemvimbisha shavu zima. Akasema, "Sijambo, bwana, ila..." lakini Inspekta alikuwa ameshafika kwa mtu wa pili yake. Kabla chai haijachemka kituo kizima kilikuwa na afya njema, kwa maandishi. Na wala hatukumdanganya. Mtu ameuliza hujambo, utamjibu nini kingine? Malezi ni malezi.

Habari ikapanda lori. Fundi cherehani alinisimulia baadaye kwamba Sajini alicheka mpaka akashika ukuta. "Nchi hii," alisema, "mgonjwa wa kukata roho ukimwuliza hujambo anasema sijambo, kisha ndiyo anakata. Na huyu bwana ameandika!" Maneno hayo yakazunguka yakamfikia Inspekta mwenyewe. Tulitegemea hasira. Badala yake akawa mwekundu, akachukua gari, akaenda Makambako. Akakaa kibarazani, akamwuliza Sajini angepima vipi yeye.

Sajini akamwambia: usiwaulize, wakimbize.

Amri ikasomwa kwenye gwaride. Baada ya wiki mbili, kila askari atashuka kwa mbio kutoka kituoni hadi mto Ruhuji na kupanda tena. Inspekta atasimama juu na saa. Sajini atasimama chini, mtoni, na chaki, na kila atakayefika atapakwa kiganjani ili asiwepo wa kugeuzia njiani. Atakayepitisha muda atavuliwa sare. Tulipotawanyika, yule kijana mwenye mbio ndiye pekee aliyetabasamu. Wengine walimlaani Sajini waziwazi. Koplo alisema, "Basi, tutashuka," akaenda kumalizia barua zake.

Mimi nilihesabu: kwenye kupanda nitaweza, kwenye kushuka sitaweza. Siku yangu ya mapumziko nikapanda lori kwenda Makambako. Nilimkuta anapiga viatu rangi, viatu vya kustaafu, ambavyo havikaguliwi na mtu.

"Afande," nikasema, "nimekuja kuomba."

"Kaa. Omba."

"Ile siku ya mtoni. Goti halitashuka. Kazi ikinitoka sina shamba, sina nyumba, na mke wangu yuko miezi saba."

"Unataka nimwambie Inspekta uongo?"

"Nataka unisaidie tu. Vipi, sijui."

Aliendelea kupiga kiatu. "Mficha maradhi," akaanza, nami nikammalizia, kifo humuumbua, nalijua. Akanitazama. "Kwa nini hukuwaambia tangu ulipoumia?"

"Kwa sababu nataka kazi."

"Mimi nawasema ninyi kila siku," alisema, "kwa sababu raia akipiga kelele anamwita askari. Hamwiti mke wa askari mwenye mimba. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

"Na bado umekuja kuomba."

"Nimekuja."

Nilikuwa nalia, sitaki kuficha. Mtu mzima, mwenye kofia ya Serikali mkononi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliniambia lori la Njombe linaondoka, nisilikose.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Tulishushwa wanne wanne. Mimi na Koplo tulikuwa kundi la mwisho pamoja na wengine wawili, ambao walituacha mapema, wakafika mtoni na kuanza kupanda kabla yetu. Nilikwenda vizuri mpaka karibu nusu ya mteremko, mahali ambapo kutoka juu huonekani tena. Hapo goti likakaza. Nikaketi chini kwa nguvu, mikono kwenye matope. Koplo akanifikia, anahema vibaya.

"Nini?"

"Goti."

"Simama, nishike."

"Nenda, Koplo. Utachelewa."

Alisimama kidogo, mkono ameunyosha, kisha akaenda. Nikajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Nikaona kila kitu kimekwisha, nikafikiria namna nitakavyomwambia mke wangu. Ndipo nikamwona Sajini anapanda. Ameacha mto, anapanda kwa ile miguu yake ya hesabu, chaki mkononi. Walipishana na Koplo kwenye njia nyembamba. Koplo akasogea pembeni kumpisha, akidhani amekuja kumwokoa majeruhi, akaendelea kushuka mtoni kama amri ilivyosema.

Sajini alinifikia, akashika kiganja changu, akakipangusa tope kwa shati lake, akakipaka chaki. Akanigeuza kwa mabega mpaka nikatazama juu.

"Kupanda unaweza," alisema. "Panda."

Nikapanda. Goti kwenye kupanda halina maneno. Nilifika juu muda ukiwa bado kidogo, nikaonyesha kiganja, Inspekta akaandika.

Koplo alifika mtoni, hakukuta mtu. Akasimama pale kwenye maji, kiganja amekikunjua, akisubiri chaki. Sajini aliporudi akampaka, na Koplo akaanza kupanda na kifua kile. Sote tulimsikia kabla hatujamwona. Alichelewa, si sana. Huenda angechelewa hata bila kusubiri. Hilo nimejiuliza miaka mingi. Inspekta, ambaye alimpenda, alimwuliza kama kulikuwa na sababu yoyote. Nilisimama hatua tatu kutoka hapo, chaki kiganjani.

"Nimechelewa, bwana," Koplo alisema.

Alirudisha sare ikiwa imekunjwa vizuri kuliko siku aliyopewa. Akaenda kwao Mlangali kulima mahindi na maharage. Mimi sikusema kitu, si siku ile, si siku ya kumuaga. Baada ya miezi michache nafasi yake ikatangazwa, na zile tepe mbili nikapewa mimi.

Na Sajini akanyamaza. Askari walishuka Makambako na matumbo yao, na viatu visivyopigwa rangi, naye akawatazama asiseme. Laini walipata la kuzungumza. Wakasema Serikali imemfunga mdomo, wakasema ameona haya kwa yaliyompata Koplo, wakasema uzee. Yule kijana mwenye mbio alidai ndiye aliyemshinda kwa hoja. Ajabu ni kwamba walianza kumkumbuka. Mwaka mmoja wezi wawili walitoroka rumande mchana kweupe, na mtu akasema kwa uchungu, "Zamani Sajini angetusema." Mimi nilikuwa na jibu la yote hayo tumboni, nikawa nakunywa chai yangu.

Nilimwepuka kwa muda mrefu. Nilipita Makambako nikiwa ndani ya lori, uso upande wa pili. Lakini siku za mwisho za Mwingereza, watu wameanza kuzungumza Uhuru hadharani, nilipata safari ya Iringa na lori likaharibika palepale. Nikaona hii si bahati mbaya, nimshukuru mzee kabla hajafa. Nilimkuta kigodani, amekonda, macho yamefifia. Fundi cherehani akamwambia ni nani. Sajini akanyosha mkono, akapapasa begani kwangu, akazikuta tepe. Akaziacha.

"Afande," nikasema, "sikuwahi kukushukuru."

"Usinishukuru. Koplo alikuja hapa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Alileta maharage, debe zima. Alikuja na lori kutoka Mlangali kunisalimu tu. Tukazungumza habari za mahindi, habari za watoto. Alipokuwa anaondoka akaniuliza swali moja." Akatafuta kikombe chake, akakipata. "Akasema, siku ile tulipishana njiani, chaki ulikuwa nayo mkononi. Kwa nini hukunipaka palepale?"

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Kweli. Mimi nitajibu nini kingine? Nikamwambia, yule mwenzako aliniomba. Wewe hukuniomba."

"Naye?"

"Hakukasirika. Akasema, 'Sikujua kama chaki inaombwa.'"

Lori lilitengenezwa, nikaondoka bila kumaliza chai. Sajini sikumwona tena. Miaka iliyobaki ya kazi yangu, kila ilipotoka hati ya kupelekwa Mlangali, nilimpa askari mwingine. Niliwaambia goti linaniuma.